Theranos na tone moja la damu: matajiri wale walipotezaje fedha zao, nasi tuulize nini kabla ya kununua hisa?

Mweka Hazina, Kamalondo

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Ninatunza fedha za chama chetu cha kuweka na kukopa hapa Lubumbashi, ambacho wanachama wake ni akina mama wauza unga na mboga pamoja na walimu wachache. Hivi karibuni kijana mmoja alitujia akitaka tununue hisa katika kampuni changa, ambayo sitaitaja, inayosema kwamba kifaa chake kitapima magonjwa mengi kwa tone moja la damu ya kidole. Picha zake zinapendeza, na barua za watu wenye vyeo anazo. Wengi wetu wameshavutiwa, hasa wale waliowahi kulipia vipimo vya mtoto mara mbili kwa sababu majibu ya kwanza hayakueleweka.

Kwa kuwa ahadi hizi zinafanana mno na zile za Theranos, kampuni ya Marekani, nimeona heri niielewe kesi ile kwanza. Ninajua kwamba Elizabeth Holmes aliianzisha mwaka 2003 akiwa na miaka 19, akaacha masomo katika Chuo Kikuu cha Stanford. Kwamba mwaka 2014 ilikadiriwa kuwa na thamani ya dola bilioni 9. Na kwamba ilivunjwa mwaka 2018, baada ya kukusanya zaidi ya dola milioni 700 kutoka kwa wawekezaji. Familia ya Walton iliweka dola milioni 150, familia ya DeVos milioni 100, na Rupert Murdoch zaidi ya milioni 120. Watu hawa wana mawakili na wahasibu wao. Ni kitu gani hawakukiona? Na je, baada ya Holmes kuhukumiwa mahakamani kuna aliyerudishiwa chake?

Fundi wa Maabara, Katuba

Mama, umefanya vyema kuuliza kabla ya kutoa. Mimi nitasema juu ya damu, mambo ya fedha nitawaachia wengine.

Tone la kidole lenyewe si uongo. Tunalitumia kila siku kwa kipimo cha haraka cha malaria na kwa kupima sukari. Kipimo cha malaria, hata hivyo, kinatafuta alama za kimelea tu, na jibu lake ni kwamba zipo au hazipo. Taabu huanza pale unapotaka tone hilohilo likupe kiasi sahihi cha vitu vingi kwa mara moja. Damu ya kidole hutoka ikiwa imechanganyika na majimaji ya nyama iliyo kando yake, ndiyo maana tunafundishwa kupangusa tone la kwanza na kutokamua kidole. Ukikikamua, seli nyekundu hupasuka na potasiamu iliyokuwa ndani yake humwagika, hivyo mashine inaweza kuonyesha kwamba mgonjwa ana potasiamu ya kuhatarisha moyo ilhali hana tatizo lolote. Sampuli ya namna hiyo tunaitambua kwa macho: ikishazungushwa kwenye mashine, maji ya juu yaliyopaswa kuwa ya njano hafifu huwa mekundu, nasi tunamwomba mgonjwa atoe damu upya.

Mashine ya Theranos iliyoitwa Edison ilifanya vipimo vichache tu, takriban 12. Vingine vingi vilipimwa kwa mashine za kawaida, zikiwemo za Siemens, na baadhi yake zilibadilishwa ili zipokee sampuli ndogo. Kwa kuwa damu haikutosha, waliizimua ili kuongeza ujazo. Ukizimua sampuli unalazimika kuzidisha jibu mwishoni, na hapo kosa dogo la kupima hugeuka kuwa kosa kubwa. Wafanyakazi vijana, Erika Cheung na Tyler Shultz, waliona vipimo vya kukagua ubora vikishindwa, wakasema. Na Tyler alikuwa mjukuu wa George Shultz, waziri wa zamani wa mambo ya nje wa Marekani, aliyekuwa kwenye bodi ya kampuni hiyohiyo. Gazeti la Wall Street Journal lilianza kufichua mambo hayo Oktoba 2015, na mwaka uliofuata kampuni yenyewe ikabatilisha majibu ya Edison ya miaka miwili.

Kwa hiyo, Mama, usikubali maonyesho ya hotelini. Katika kesi ile ilielezwa kwamba mashine za maonyesho zilikuwa na programu iliyoficha hitilafu mbele ya wageni. Mwombe kijana akilete kifaa katika labo mtakayoichagua ninyi, wagonjwa walewale wapimwe kwa kifaa chake na kwa damu ya mshipa, na kila upande uandike majibu yake bila kuyaona ya mwenzake.

Mhasibu, Kampemba

Ninaunga mkono maneno ya Fundi, ila kwa upande wangu jambo zito ni hesabu. Mamlaka ya soko la hisa ya Marekani ilieleza kwamba Theranos ilidai itapata mapato ya zaidi ya dola milioni 100 mwaka 2014, na kilichopatikana kilizidi kidogo tu dola 100,000. Ukaguzi wa hesabu ungeionyesha tofauti hiyo, lakini waliotoa mamilioni waliyatoa bila kuona hesabu zilizokaguliwa. Walipewa ripoti zenye nembo ya Pfizer, kampuni kubwa ya dawa, na Holmes alikiri mahakamani kwamba nembo hiyo aliibandika yeye. Waliiangalia pia bodi: Shultz, Henry Kissinger, Jenerali James Mattis. Ni watu wa heshima kubwa, lakini wengi wa bodi ile hawakuwa watu wa maabara. Huenda kila mwekezaji alidhani mwenzake ameshachunguza.

Kuhusu kurudishiwa: mfuko mmoja wa uwekezaji uliokuwa umeweka dola milioni 96 uliishtaki kampuni mwaka 2016, ingali hai, na mwaka uliofuata wakapatana. Murdoch aliziuza hisa zake zote kwa dola 1 tu. Baadaye mahakama iliwaamuru Holmes na mwenzake Ramesh Balwani, aliyekuwa rais wa kampuni, walipe dola milioni 452, lakini amri ya mahakama si fedha mkononi. Kampuni ikivunjwa, wadai hulipwa kwanza, na mwenye hisa huja mwisho.

Nchi yetu iko chini ya sheria za OHADA, yaani sheria za biashara za pamoja za nchi kadhaa za Afrika, tangu 2012, na zinawasaidia. Mwanahisa anaweza kuuliza maswali kwa maandishi mara mbili kwa mwaka, na wenye angalau asilimia 10 ya mtaji wanaweza kuiomba mahakama iteue mtaalamu wa kuchunguza uendeshaji. Mkinunua chini ya kiwango hicho, njia hiyo haitakuwa yenu peke yenu, mpaka mjiunge na wanahisa wengine mkifikishe.

Muuguzi, Ruashi

Naomba wagonjwa wasisahauliwe. Januari 2022 Holmes alipatikana na hatia katika mashtaka manne, yote ya kuwadanganya wawekezaji. Katika yale ya kuwadanganya wagonjwa hakutiwa hatiani. Alihukumiwa kifungo cha miezi 135. Lakini mama mmoja alieleza mahakamani jinsi majibu ya Theranos yalivyomfanya aamini kwamba mimba yake imeharibika, na mtoto huyo alizaliwa salama. Jimbo la Arizona ndilo lililopata dola milioni 4.65 za kuwarudishia watu gharama za vipimo.

Mama Mweka Hazina, muulize kijana nani atawajibika jibu likiwa baya na mtoto akapewa dawa isiyo yake. Swali hilo lisingoje hesabu zikamilike.

Mweka Hazina, Kamalondo

Asanteni sana. Nimemwandikia nikiomba hesabu zilizokaguliwa, upimaji wa pamoja, na jina la daktari anayewajibika. Amejibu kwamba hesabu bado hazijakaguliwa, na kwamba kifaa kiko nje ya nchi hadi mtaji utakapotimia. Kwenye mkutano nitawasomea wanachama barua hiyo neno kwa neno, na hadi kifaa kitakapofika fedha zitabaki kwenye akaunti ya chama. Fundi, kikifika, je, unaweza kutupatia nafasi katika maabara yenu?

Fundi wa Maabara, Katuba

Nitamwomba mkuu wangu, Mama. Tutahitaji siku mbili na ridhaa ya wagonjwa kwa maandishi.