Mume anatafuna barafu usiku na mchana, kumbe hana chuma mwilini: naomba ushauri

Wadau, mume wangu, miaka 46, anamaliza trei mbili za barafu kwa siku, hata usiku wa manane. Siri imefichuliwa na vipimo vya damu: himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) 9.8, feritini (kipimo cha akiba ya chuma mwilini) 6. Kwa mwanaume himoglobini chini ya 13 ni upungufu wa damu, na feritini chini ya 15 maana yake akiba ya chuma imekwisha. Upungufu huo wa chuma ndio unaoleta hamu ya barafu, wala si tabia mbaya.

Kinachonitisha ni chanzo. Mwanaume hana hedhi, kwa hiyo mara nyingi damu huwa inavuja tumboni au kwenye utumbo, naye hunywa diklofenaki, dawa ya maumivu inayoweza kuchubua tumbo, kwa ajili ya mgongo. Vidonge vya chuma navyo hufanya choo kiwe cheusi, hivyo choo cheusi cha damu kinaweza kupita bila kugundulika.

Amepewa vidonge vya chuma vya 200 mg, anavimeza na chai, ilhali chai huzuia chuma kufyonzwa.

Wenye utaalamu: ameze kila siku au siku moja aruke? Kipimo cha kamera kianzie tumboni, au na utumbo mpana siku hiyohiyo? Na badala ya diklofenaki atumie nini?