Naomba ushauri kuhusu wasifu wa Glenda Jackson

Ndugu wanajumuiya, salaam. Ninaandaa wasifu mfupi wa Glenda Jackson, mwigizaji wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1936, kwa ajili ya wanafunzi wa sanaa za maonyesho, na nimekwama. Alishinda Oscar mbili, akaacha uigizaji mwaka 1992 na kuwa mbunge hadi 2015, kisha mwaka 2016, akiwa na miaka 80, akarejea jukwaani London kuigiza Mfalme Lear, mhusika mkuu wa tamthilia ya Shakespeare yenye jina hilo, jambo ambalo kwangu ndilo kilele cha sanaa yake. Nimejaribu kufuata mtiririko wa miaka, lakini ubunge unaikata simulizi katikati. Nilipotenganisha filamu na jukwaa, uzito wa kurejea kwake ulipotea. Je, nianze na Lear ndipo nirudi nyuma? Na ubunge niupe nafasi kiasi gani?