Punje ya kahawa kubwa kuliko nchi ya Kenya? Nisaidieni Kiingereza

KaraniWaMizani (Mbale)
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari. Nafanya kazi kwenye ghala la kahawa hapa Mbale, hii arabika ya Bugisu inayoshuka kutoka Mlima Elgon. Kazi yangu ni mizani na stakabadhi tu. Wiki jana anayeandika barua za wateja wa nje aliugua, bosi akanitwika mimi. Nikaandika: "Our beans are bigger than Kenya." Bosi akaisoma kwa sauti mbele ya akina mama wanaochambua, kisha akauliza: "Punje moja inaizidi Kenya nzima? Tutaipakia lori gani?" Akina mama walicheka hadi wakaweka ungo chini.

Nikabadilisha: "bigger than that of Kenya's". Karatasi imerudi tena na mduara mwekundu, bila maelezo. Nimesoma Kiingereza tangu darasa la kwanza jamani. Kosa liko wapi?

MtuWaNyeri
Kabla ya sarufi: si kweli. Leteni hizo punje tuzipime na AA yetu, daraja letu la punje kubwa. Mengine waachie walimu.

MwalimuMstaafu_Jinja
Mwanangu, iseme sentensi yako kwa Kiswahili kwanza. Ungesema "punje zetu ni kubwa kuliko Kenya"? Ulimi ungekataa. Ungesema "kuliko ZA Kenya". Hiyo "za" ndiyo umeiacha njiani. Kiswahili kinakulazimisha kuibeba kwa sababu ya ngeli: kilele cha Kilimanjaro kiko juu kuliko CHA Rwenzori, bei ya mahindi imepanda kuliko YA muhogo. Kiingereza hakina ngeli, basi mtu anadhani hakuna mzigo wa kubeba. Upo. Kitu kikiwa kimoja sema "that of", vikiwa vingi "those of". Kwa hiyo "bigger than those of Kenya", au kwa ritifaa, ile alama ya ('), "bigger than Kenya's". Mimi ningechukua ya pili, ni fupi.

Angalia na hii: "The height of Kilimanjaro is greater than Margherita." Margherita ndicho kilele cha Rwenzori; hapo umepima urefu dhidi ya mlima. Kilimanjaro una mita 5,895, Margherita 5,109, hesabu ni sawa ila sentensi imepinda. Sema "than that of Margherita". Au linganisha mlima kwa mlima, "Kilimanjaro is higher than Margherita", hapo huna cha kubeba.

Marekebisho yako ya pili yana makosa mawili. "That of" na ritifaa vinafanya kazi ileile, ukiviweka pamoja ni kama kusema "kuliko za za Kenya". Halafu "that" ni ya kitu kimoja, na punje ni nyingi.

Nakku_Entebbe
Mwalimu, samahani nikukatize. Mbona "a friend of my father's" ni sahihi? Si "of" na ritifaa pamoja hapo?

MwalimuMstaafu_Jinja
Umenikamata, dada. Hiyo ni desturi yao ya zamani, maana yake mmoja kati ya marafiki wa baba. Inakaa zaidi kwa watu, na mara nyingi hutanguliwa na "a". Usiipeleke kwenye ulinganisho.

AfandeWaZamani
Kiswahili na Kiingereza vyote nilivijulia kambini, kwa hiyo nisameheni. Mimi niliangushwa na hii: "Lake Victoria is larger than any lake in Africa." Nilibisha sana, ziwa lina kilomita za mraba kama 68,800, nani analizidi? Baadaye nikaelewa: Victoria lenyewe liko Afrika, kwa hiyo nimelifanya lijizidi lenyewe. Inatakiwa "any other lake", yaani ziwa LINGINE lolote. Neno moja tu, nikakosa alama.

Nakku_Entebbe
Tusijidai sana na Kiswahili lakini. "Namwamini dereva kuliko karani." Nani anamwamini nani? Kiingereza kina ugonjwa huohuo: "I trust the driver more than the clerk." Malizia kitenzi: "than the clerk does" kama karani ndiye anayeamini, "than I trust the clerk" kama ndiye asiyeaminiwa. Ofisini kwetu sentensi ya namna hii ilileta ugomvi wa siku mbili.

KaraniWaMizani (Mbale)
Asanteni sana. "Our beans are bigger than Kenya's" imepita! Hata "our farmers' drying racks" imepita, ritifaa nyuma ya s kwa kuwa wakulima ni wengi. Sasa amezungushia hii: "Bugisu coffee is known for it's taste." Nilidhani ladha ni ya kahawa, basi ritifaa.

MwalimuMstaafu_Jinja
Iondoe. "Its" haina ritifaa, kama "hers", "ours" na "theirs" zisivyo nayo. "It's" ni "it is" iliyomeza herufi, ritifaa imekaa pale i ilipotoka. Isome hivyo: "known for it is taste". Umesikia inavyokwama?

KaraniWaMizani (Mbale)
Nimesikia. Naipeleka kabla hajatoka kula.

MtuWaNyeri
Barua imepona. Punje bado nazingoja.