Kachukua mzigo wa 486,000, kapiga simu "nimekosea namba", wakamrudishia pesa bila kuniuliza mimi mwenye duka

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa dukani kwangu Mwanjelwa, hapa Mbeya. Jumamosi iliyopita kampuni ya simu ninayopokelea malipo ya duka iliniambia nisubiri saa 72. Leo ni Ijumaa. Nimesubiri, nimepiga simu, nimepanga foleni, na sasa nasema hadharani.

Nauza pembejeo: mbegu, dawa za mimea, mabomba ya kupulizia. Msimu huu ndio unaotubeba mwaka mzima. Mvua zikishashika kule Umalila na Uporoto, watu wa viazi wanashuka mjini na orodha zao kwenye vikaratasi, duka linajaa kuanzia saa mbili asubuhi, na unachouza wiki hizi ndicho kinacholipa kodi ya fremu na ada za watoto mwezi wa kwanza.

Jumamosi hiyo, saa nne na kitu, akaingia kijana, nje kaegesha guta. "Shikamoo mama." Nikaitikia marahaba. Akasema ametumwa na baba yake, shamba lao liko upande wa Ilembo, ukungu umeanza kushika viazi na wanataka kuwahi. Akachukua mabomba mawili ya mgongoni kwa 45,000 kila moja, pakiti 20 za kilo moja za dawa ya ukungu kwa 14,000, na mifuko minane ya mbegu ya mahindi ya kilo mbili kwa 14,500. Jumla 486,000. Hakuomba hata nipunguze. Nikamtolea risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, akalipa kwa simu kwenye lipa namba, yaani namba ya duka ya kupokelea malipo, iliyobandikwa ukutani, na ujumbe ukaingia.

Sikutegemea ujumbe peke yake. Miaka yote hii sokoni tumeona meseji za kughushi za kila namna, kwa hiyo mimi huingia kwenye menyu na kuangalia salio kabla mzigo haujagusa mlango. Nikaangalia. Pesa ilikuwamo. Vijana wangu wakampakilia, akaondoka.

Saa saba mchana nataka kumlipa msambazaji wangu wa mbegu, salio halitoshi. Narudi kwenye meseji, nakuta moja iliyoingia kimya kimya wakati nahudumia watu: muamala umerudishwa kwa mteja. Shilingi 486,000 zimetoka kwenye akaunti ya biashara yangu bila mimi kubonyeza kitu, bila kuweka namba ya siri, bila simu hata moja ya kuniuliza.

Nikapiga huduma kwa wateja. Dakika zaidi ya 20 nasikiliza muziki. Akapokea dada mmoja, mpole wa sauti, sina ugomvi naye. Akanijibu hivi: "Mama, mteja alituambia amekosea namba, na kwa kuwa pesa ilikuwa bado haijatumika, mfumo ukairudisha."

Haijatumika! Ilikuwa haijatumika kwa sababu lipa namba ndiyo droo yangu ya mauzo. Nimeiacha humo kama ninavyoacha noti kwenye droo, nikijua ni yangu. Kwa hiyo yule anayekimbilia kwa wakala kutoa kila senti inapoingia asingeibiwa. Nimeibiwa mimi niliyewaamini nikaacha pesa kwao.

Nieleweni vizuri hapa, maana najua kuna mtu atasema kurudisha muamala ni haki ya mteja. Ni haki, na mimi mwenyewe imenisaidia. Ukimtumia ndugu yako Tukuyu hela ya dawa, kidole kikateleza kwenye tarakimu moja, ikaenda kwa mtu usiyemjua kule Songea, huyo mtu hajakupa chochote. Kuizuia ile pesa na kuirudisha ni haki tupu. Lakini malipo ya dukani ni jambo lingine kabisa. Pesa imeingia, mzigo umetoka. Ukirudisha pesa peke yake, umemnyang'anya mmoja na kumpa mwingine vyote viwili. Na wenye mfumo wanajua kabisa kwamba ile ni lipa namba ya biashara, kwa sababu wao ndio walionipa baada ya kuchukua leseni yangu, TIN yangu na kitambulisho changu cha NIDA.

Halafu huko kukosea namba kunatokeaje? Kila mtu aliyewahi kulipa anajua: ukishaweka namba na kiasi, kabla malipo hayajakamilika, jina la duka linakutokea kwenye skrini. Yule kijana alilisoma jina langu, likiwa limeandikwa pia kwenye bango juu ya kichwa chake, akathibitisha. Kiasi alichotuma ni 486,000 kamili, sawasawa na risiti. Mtu anakoseaje duka, jina na jumla ya bei kwa mpigo mmoja? Simu moja tu kwangu ingetosha. Ningewasomea namba ya risiti na saa iliyotoka.

Na hiyo risiti nayo ni kidonda kingine. Ile EFD imeshapeleka mauzo TRA, mamlaka ya mapato. Kwenye vitabu vyangu mimi nimeuza 486,000, na itahesabika kwenye mauzo yangu ya mwaka. Nimemwuliza mtu anayenifanyia hesabu, ananiambia kuifuta kunahitaji maelezo na vielelezo, na kielelezo kinatakiwa kitoke kwa hao hao wasiojibu.

Sasa nawaletea jambo linaloniuma zaidi.

Mwaka jana nilichukua mashine ya kadi ya benki. Nilishawishika kwa sababu jirani yangu mwenye nyumba ya wageni pale Kabwe analaza madereva wa malori ya Tunduma na Zambia, na wengi wanatembea na kadi. Nikasema na mimi wateja wangu watumishi wasihangaike. Akaja mwalimu mmoja mstaafu, mtu wa heshima sana, analima parachichi Rungwe. Manunuzi yake 210,000. Akachomeka kadi, akaweka namba ya siri, mashine ikazunguka, ikazunguka, ikaandika hakuna mawasiliano. Hakuna karatasi iliyotoka. Tukajaribu tena, ikafanya vile vile. Mara simu ya mwalimu ikalia meseji mbili: kakatwa 210,000, kakatwa tena 210,000.

Baadaye fundi wa benki alinieleza kinachotokea. Unapochomeka kadi, ombi linasafiri kutoka kwenye mashine kwenda benki ya mwenye duka, linapita kwenye mtandao wa kadi, linafika benki ya mteja. Benki ya mteja inakata na kutuma jibu. Mtandao wa simu uliomo kwenye mashine ukikatika jibu likiwa njiani, mashine haijui kama limekubaliwa, na mteja ameshakatwa. Mashine inatakiwa yenyewe itume ujumbe wa kufuta mtandao ukirudi. Yangu ilikuwa imezimika chaji, na umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi.

Mwalimu yule aliondoka bila mzigo na bila 420,000. Alirudi dukani siku baada ya siku. Mara ya nne alisema mbele ya wateja, "Mama, mimi sikukudhania hivi." Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu ile pesa haikuwahi kufika kwangu, na hakuna aliyenipa karatasi ya kumwonyesha. Ilimrudia baada ya siku 16. Mtu mkweli, mwenye meseji mbili mkononi, mwenye duka akiwa shahidi wake, siku 16. Na huyu mwizi wa Jumamosi, kwa neno lake tu kwenye simu, hazikufika saa tatu. Kampuni hizi ni mbili tofauti, hilo nalijua. Lakini mimi nasimama katikati ya zote mbili na hasara zote zinaangukia mezani kwangu. Mashine ile niliirudisha.

Msije mkasema nataka kurudi kwenye taslimu kwa kuwa nachukia teknolojia. Nilianza biashara wakati wa kubeba noti kwenye mfuko wa ndani ya gauni, nikipanda basi la kwenda Dar kufuata mzigo, usiku mzima silali kuanzia Makambako. M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008 sisi wa sokoni ndio tuliipokea kwa mikono miwili. Hata tozo za miamala zilipoanza Julai 2021, zile zilizofika hadi 10,000 kwa muamala mmoja, na wateja wakarudi kulipa noti hata baada ya kupunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Septemba, mimi niliendelea kuwabembeleza walipe kwa simu. Sasa hivi Benki Kuu imeunganisha mitandao na benki kwa mfumo wa TIPS, mtu wa mtandao wowote analipa kwenye namba moja. Ni kazi nzuri na naiheshimu. Ndiyo maana nakasirika: barabara imejengwa vizuri, halafu mlangoni kwangu wameacha shimo.

Na matokeo yake yanaonekana. Piteni hapa Mwanjelwa, piteni Soweto, mkahesabu maduka yaliyobandua stika za lipa namba. Mwenye duka anakupa namba yake binafsi na kukuambia "tuma na ya kutolea", yaani mteja abebe makato. Jirani yangu wa spea za pikipiki ameandika kwa chokaa ukutani kwamba anapokea noti tu. Mimi mwenyewe tangu Jumamosi kila malipo yanayoingia nayahamisha benki papo hapo ili wasiyakute, na kila nikihamisha nakatwa. Juzi nilimkatalia mzee kutoka Ileje aliyekuja na pesa kwenye simu tu, kwa sababu mtandao wake ni ule ule na mimi nilikuwa bado na jeraha. Akaniangalia, akasema "haya mwanangu", akatoka kutafuta wakala na fimbo yake kwenye mvua. Sijapata usingizi mzuri tangu siku hiyo. Nilimkosea mzee wa watu kwa kosa lisilo lake.

Jumatano nilikwenda kwenye duka lao mjini. Nilibeba nakala ya risiti, meseji zote mbili na daftari la mauzo. Kijana wa kaunta akaniambia malalamiko ya aina hiyo yanashughulikiwa Dar, na akanipa namba ya kumbukumbu ambayo nikiipiga naambiwa iko kwenye uchunguzi. Nikamuuliza ni kanuni gani inaruhusu kutoa pesa kwenye akaunti ya biashara bila kumuuliza mwenye biashara. Akasema hajui, ndivyo mfumo ulivyo.

Mfumo umewekwa na watu. Ninachodai ni kitu chepesi: malipo ya lipa namba yasirudishwe mpaka mwenye duka apigiwe. Kama hapatikani, pesa izuiwe pale ilipo, isiende kwa mlalamikaji wala kwangu, mpaka pande zote zisikilizwe. Na anayedai amekosea duka aulizwe alikuwa anataka kulipa duka gani, maana mtu aliyekosea kweli analo jibu. Nchi hii ina Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, ina kanuni za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019, na Benki Kuu ina tawi hapa hapa Mbeya. Utaratibu ni kwamba uanze kwa mtoa huduma, asipokutendea haki ndipo upande juu. Mimi nimeshaanza kwa mtoa huduma.

Naomba yeyote aliyefanyiwa hivi, awe Uyole, Mbalizi, Tunduma, Makambako, Njombe au Iringa, aandike hapa tarehe na kiasi. Msiweke namba za watu wala majina. Nataka kujua tuko wangapi.

Nyongeza, saa moja jioni: Wamenipigia. Wanasema pesa iliporudishwa ilitolewa siku ile ile, na line ya aliyelipa haipatikani tena. Wamenitaka nilete RB, namba ya taarifa iliyofunguliwa polisi, ndipo waendelee. Nikauliza, kama line imesajiliwa kwa alama za vidole, si mnamjua ni nani? Wakasema hizo ni taarifa za mteja, haziwezi kutolewa kwangu. Polisi naenda kesho asubuhi. Jumatatu saa tatu nitakuwa Benki Kuu na karatasi zangu, na waliokwisha kuniandikia pembeni, wawili wa Kabwe na mmoja wa Mbalizi, tumekubaliana tukutane pale nje tuingie pamoja. Mwingine mwenye risiti na meseji za kurudishwa kwa muamala aje nazo, zichapishwe, zisiwe kwenye simu tu.