Kanuni ya kompyuta: iingie taarab asilia au ibaki studio?

Fundi wa Michenzani

Asalaam aleikum. Naileta hapa maana kikundini tumeshindwa kuelewana. Mpiga kanuni wetu (kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi kinachodonolewa) kahamia Muscat, na wa kumrithi hatumpati. Nikasema tutumie kompyuta: sintesaiza ya programu, kinanda kidogo cha kuchomeka, sauti ya kanuni niitengeneze mwenyewe. Wazee wakakataa katakata. Kinanda, wanasema, hakina sika.

Kwa asiyejua, sika ni sauti ya tatu ya Rasti, moja ya maqamu, yaani mipangilio ya sauti tunayopigia. Imekaa kati ya mi na mi bemoli, ile mi iliyoshushwa nusu toni. Kinanda cha kawaida kimeikata oktava vipande 12 vilivyo sawa, kila kimoja senti 100 (senti ni kipimo cha sauti, si pesa). Ukianzia do, mi iko 400, bemoli yake 300, na sika kwa hesabu ya robo-toni iko 350. Kitufe chake hakuna. Wazee hapo wana haki, nami nshawahi kuaibika: harusini nilipiga Rasti kwa mi kavu, mpiga fidla akanyanyua upinde akaniangalia mpaka nikanyamaza.

Lakini hayo yalikuwa zamani. Ipo Surge XT, programu ya bure, inayopokea faili la Scala, yaani faili la kuiambia kila noti ikae wapi. Faili lenyewe ni maandishi matupu, mistari 12 ya sauti, basi. Nimebadilisha miwili tu: mi nikaishusha 350.0, na noti ya si nikaishusha 1050.0. Siku ya kwanza nilisahau nukta nikaandika 350 tupu. Kumbe bila nukta programu inaisoma kuwa ni mara 350 ya sauti ya msingi! Kitufe cha mi kikawa bubu. Sauti ilipanda wanakosikia popo tu. Nilihangaika nacho mpaka adhana ya alfajiri.

Kuhusu rangi ya sauti: kanuni ina nyuzi tatu kwa kila noti, na hazilingani sawasawa hata ukizikaza vipi. Kwa hiyo nimeweka mawimbi matatu yaliyopishana senti mbili tatu, mwanzo mkali kama kucha inavyodonoa uzi, kisha sauti inafifia taratibu. Ukifumba macho, unakaribia kudanganyika. Sasa niambieni, kosa liko wapi?

Mpiga Fidla, Vuga

Mwanangu, mie ndiye niliyenyanyua upinde.

Kosa liko kwenye hiyo 350. Nani kakwambia sika ni 350? Sika ya Rasti ukiipeleka kwenye Bayati, maqamu nyingine, inakuwa juu mno, lazima uishushe kidogo. Waturuki wao wanaipandisha hata kufika karibu 384, na ni Rasti hiyohiyo. Mwaka 1932 mabingwa walikusanyika Cairo, Waarabu, Waturuki na Wazungu, wakabishana kama oktava igawanywe robo 24 zilizo sawa. Hawakuafikiana. Wewe umewamalizia kazi yao kwa mistari miwili?

Sultan Barghash alipoitaka taarab, alimpeleka mtu Misri akajifunze kanuni. Alitaka mkono. Mwimbaji akiivuta sika kidogo, mie kidole kinamfuata palepale. Faili lako litamfuata?

Mwanafunzi wa Mkunazini

Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima zote, na kodiani je? Kodiani iko kwenye taarab yetu tangu sijazaliwa, na vitufe vyake ni vya nusu toni, sika haina. Mwalimu wangu wa kodiani, tukifika pale, anairuka au anawaachia fidla. Hakuna aliyemfukuza kwenye taarab asilia. Iweje kompyuta inayojaribu, hata kama inakosea, ndiyo iambiwe imeharibu mila?

Wa Wete

Mnabishana senti wenzetu. Sisi kikundini kanuni hatuna, fidla moja, na mpigaji wake ana mvuvi wa kumsubiri baharini. Mleteni huyo fundi na laptop yake Pemba. Umeme ukikatika tutaimba kwa dumbaki.

Mpiga Fidla, Vuga

Bibie wa Mkunazini, marahaba. Hilo la kodiani umenibana. Lakini kodiani inaijua aibu yake, inanyamaza. Kompyuta inajidai inajua.

Fundi wa Michenzani

Shikamoo mzee. La Bayati nakubali, sikulifikiria. Naweza kuandika faili la pili, sika iwe chini kidogo, nikabadilisha faili pale wimbo unapohama maqamu. La kumfuata mwimbaji ni gumu zaidi. Kinanda kina gurudumu la kuvuta sauti: katikati ni 8192, na kwa mpangilio wa kawaida ukishuka hatua 2048 umeshuka robo-toni. Hatua ni nyingi, mkono ukizoea utaifuata hata pumzi. Tabu ni kwamba gurudumu linazivuta noti zote zilizoshikwa kwa pamoja. Vipo vinanda vya MPE vinavyovuta kila noti peke yake, ila bei yake mie siiwezi.

Kwenye bango sitaandika "kanuni". Nitaandika "kinanda". Hapo sibishi tena.

Ila naomba jambo moja. Alhamisi baada ya isha, hapo ukumbini. Nakuja na laptop, nanyi mtoe ile kanuni iliyofungiwa kabatini, apigaye apige. Mzee akae ametupa mgongo, Rasti mara mbili, kisha atwambie ipi ni ipi.

Mpiga Fidla, Vuga

Nakuja inshallah. Lakini mje tangu alasiri. Ile kanuni ina nyuzi zaidi ya 70 na tangu mwenyewe aondoke hakuna aliyezikaza. Kwa ilivyo sasa, hata kodiani itaicheka.