Nimeambiwa niwe meneja mradi wa idara ya rasilimali watu. Nikubali?

Mama Pasiansi
Habarini wana jukwaa. Niko Mwanza, kampuni ya kununua na kufungasha dagaa, rasilimali watu, mwaka wa tisa sasa. Mwaka jana bosi alituletea meneja mradi kutoka kwenye ujenzi wa barabara, asimamie kuhamisha malipo ya vibarua kutoka dirishani kwenda kwenye simu. Nilikasirika. Mambo ya watumishi na ratiba za zege wapi na wapi?

Lakini suala lile lilikuwa limelala karibu miaka miwili. Sisi tunawasubiri wahasibu, wahasibu wanawasubiri watu wa kompyuta, na kina mama wa kwenye chanja za kuanikia dagaa wanapanga foleni kila Jumamosi tangu saa tisa, magamba yamewakaukia mikononi, wengine wanaondoka saa moja usiku na watoto mgongoni. Yule kijana alibandika karatasi ukutani: kila kazi, tarehe yake, na jina la mtu mmoja, si la idara. Langu lilikuwa mstari wa nne, kuhakiki namba za simu. Kila asubuhi nikipita naliona. Wiki 11 tukamaliza.

Alikosea kwenye mafunzo. Aliyapanga katikati ya giza, zile siku zisizo na mbalamwezi, wakati dagaa wanavuliwa usiku kucha na asubuhi chanja zimejaa. Walikuja watu 6. Nikamwambia tungoje mbalamwezi, mitumbwi ikipumzika. Tukasogeza, na safari hii wengine walisimama mlangoni.

Sasa mkataba wake umeisha, bosi anataka nishike nafasi yake, na mafaili ya likizo na mikataba yabaki mezani kwangu vilevile. Mngekuwa ninyi?

Mhasibu wa Igoma
Dada, usikubali kwa mdomo. Mwenzangu wa masoko alipewa cheo hicho bila mamlaka, akiomba taarifa manunuzi anaambiwa asubiri. Omba barua: nani atawajibika kwako, fungu gani utaidhinisha, mafaili anayashika nani.

Fundi Mipango
Mradi ni jambo lenye mwanzo na mwisho. Kuhamisha malipo ulikuwa mradi, kulipa kila Jumamosi si mradi. Wakikubebesha vyote kwa jina moja utaelemewa. Ukitaka cheti, anza na CAPM, cheti cha wanaoanza cha PMI, ile taasisi ya usimamizi wa miradi ya Marekani ya tangu 1969. Haidai uzoefu, inadai saa 23 za mafunzo. PMP, cheti chao cha juu zaidi, iache kwanza, hiyo ni ya mtu ambaye tayari ameongoza miradi. Na lile la mbalamwezi, mdogo wangu, sisi wa zege tusingelijua.

Binti Kirumba
Mimi nina wasiwasi. Kwetu masoko tangu aje meneja mradi tuna vikao vitatu kwa wiki vya kueleza kwa nini kazi haijaisha, huku wateja wa Kongo wanangoja bei. Idara ya watu wachache inatosha na ile karatasi ya ukutani.

Mama Pasiansi
Asanteni sana. Tuko watano, karatasi inabaki na vikao sitaongeza. Jumatatu nampelekea bosi barua: apatikane mtu wa likizo na mafaili, na mradi wa kwanza nichague mwenyewe, nao ni mikataba ya maandishi kwa kina mama wa chanja. Wapo waliofanya kazi miaka mingi bila hata karatasi moja. Akikubali, kusaini tunaanza mbalamwezi ijayo.