Miche imebanana kwenye vikopo: niipeleke moja kwa moja kwenye ndoo?

Kibarazani
Wadau habari. Nina miche ya nyanya, hoho na matango niliyosia kwenye vikopo vidogo dirishani. Nyanya zimerefuka, shina jembamba, zote zimelalia upande wa mwanga. Hoho bado fupi ila mizizi inachungulia kwenye matundu ya chini. Matango yana jani moja halisi, lile la kukwaruza. Nina ndoo za lita 20, nimeshazitoboa. Niihamishie humo moja kwa moja, au nipitie kopo la kati kwanza? Naogopa isije ikadumaa.

Bi Miche
Karibu. Kila mmoja una tabia yake, usiihamishe yote kwa mtindo mmoja.

Anza na matango, tena usichelewe. Tango halipendi kuguswa mizizi. Lihamishe likingali dogo hivyo hivyo, na bonge lake la udongo likiwa zima. Kopo ukiweza lichane, usimvute mche.

Nyanya ndiyo inayosamehe. Huo urefu ni njaa ya mwanga, na dawa yake ni kuufukia. Kata majani ya chini, tumbukiza shina mpaka karibu na kichala cha majani ya juu. Shina la nyanya hutoa mizizi linapogusa udongo wenye unyevu. Ukifukua kidogo baadaye utaona nyuzi nyeupe zimetoka ubavuni, pale palipokuwa na shina tupu. Likiwa refu kupita kiasi, lilaze kimshazari kwenye udongo, kichwa kitajiinua chenyewe.

Sasa jambo ninaloomba ulishike kuliko yote: mche hushikwa jani, haushikwi shina. Jani likichanika litaota jingine. Shina likibonyea, maji hayapandi tena, na mche utakufa siku chache baadaye hata hujui sababu. Mwagilia saa moja kabla, sukuma kopo kwa chini, pokea bonge kiganjani. Mizizi ikiwa imejizungusha kama kamba, ilegeze kwa vidole. Fanya jioni au siku ya mawingu.

Mkono wa Samadi
Naunga mkono, ila kwa hoho ningepitia kopo la kati. Mche mdogo kwenye ndoo kubwa hauwezi kunywa maji yote yale. Udongo unakaa chepechepe, mizizi inaoza. Na samadi iwe imeoza kabisa, isiwe na joto wala harufu kali. Mbichi inaunguza.

Kibarazani
Ahsanteni sana. Hoho nayo niifukie kama nyanya? Na niweke kokoto chini ya ndoo?

Bi Miche
Mkono wa Samadi yuko sahihi kuhusu hoho, mimi pia huipitisha kopo la kati. Usiifukie: ipande kwa kina kile kile ilichokuwa nacho. Shina lake halina wepesi wa nyanya wa kutoa mizizi.

Kokoto acha. Watu wengi wanaziweka kwa nia njema, lakini maji hayashuki upesi kwa sababu yake. Husimama pale udongo unapokutana na kokoto, na wewe umeshapunguza nafasi ya mizizi. Matundu yanatosha, kipande cha chandarua juu yake kizuie udongo usitoke.

Kwa kuwa miche imekulia dirishani, usiitoe juani ghafla, majani yatababuka meupe. Ianzishe kivulini, kisha jua la asubuhi kwa muda wa saa moja au mbili, uongeze kidogo kidogo kwa wiki nzima hivi. Ikinywea mchana halafu ikainuka jioni, iache, inajizoesha. Ikiamka asubuhi bado imenywea, hapo tia kidole kwenye udongo kabla hujashika maji: ukikuta umelowa, shida ni mizizi, na kumwagilia kutaizidisha.